Noti mbili za milioni tano, jumla sifuri

Katika lugha ya programu ya COBOL, umbo la fedha kwenye karatasi huamuliwa kabla hesabu haijapigwa. Mwandishi wa programu huugawa mstari mzima, kwa kawaida nafasi 132: hapa jina, pale namba ya kazi, kule mshahara. WRITE huupeleka tu mstari kwenye printa, na AFTER ADVANCING huieleza isogeze karatasi mistari mingapi au ianze ukurasa mpya. Akili yote imo ndani ya PICTURE, kifungu kinachoeleza umbo la kila sehemu ya mstari.

Tubuni orodha ya mishahara ya wafanyakazi wa reli pale Kindu, Kongo, enzi za sarafu ya zaire. Kwanza huandikwa DECIMAL-POINT IS COMMA, maana Kongo huandika fedha kwa mtindo wa Kifaransa. Sehemu ya mshahara ni Z.ZZZ.ZZ9,99. Kila Z hufuta sifuri ya mbele na kuacha wazi. 9 hulazimisha tarakimu ionekane. Amri ya MOVE, inayohamishia thamani kwenye sehemu hiyo, ikipewa 85000 hutoa 85.000,00, imesukumwa kulia kama inavyotakiwa, bila programu kuandika amri nyingine yoyote. Ufundi huu wa mwaka 1960 bado unanifurahisha.

Lakini noti ya zaire milioni tano ilichapishwa mwaka 1992. Noti moja inaenea. Mlipe mtu noti mbili, yaani 10.000.000, uone. MOVE hupanga tarakimu kuanzia kwenye mkato wa desimali, na zinazozidi upande wa kushoto hukatwa. Ile 1 inaanguka, Z zinafuta sifuri sita, na karatasi inasoma 0,00. Programu haisimami wala hailalamiki: ON SIZE ERROR hulinda amri za hesabu kama ADD na COMPUTE, haiilindi MOVE.

Kupanua hadi ZZZ.ZZZ.ZZ9,99 hula nafasi mbili zaidi kwa kila safu, na orodha yenye safu nane za fedha inapoteza 16 kati ya 132. Mimi ningeacha desimali: ZZZ.ZZZ.ZZ9 ni nafasi 11, pungufu hata ya ile ya mwanzo, na makuta, senti za zaire, wakati huo hayakununua kitu.

Oktoba 1993 uamuzi huo ungegeuka kuwa kosa. Zaire milioni tatu za zamani zikawa moja mpya, na desimali zikarudi kuwa fedha ya kweli. Ukigawanya kwa milioni tatu ukitumia COMPUTE bila ROUNDED, yaani bila kukadiria, zaire 20.000 za zamani zinachapwa 0,00. Ukiiweka ROUNDED, zinachapwa 0,01.