Haujaguswa na Nani? Kukisoma "A Small Place" Nikiwa Paje

Mwaka juzi nilipata kibarua cha kuandika kijitabu cha hoteli moja ya kifahari, mashariki ya Unguja. Jina lake tuliache. Walinipa picha na orodha ya maneno waliyoyataka: utulivu, faragha, paradiso, na "ufukwe ambao haujaguswa". Nikaandika. Mwenye njaa hana miiko.

Nilipomaliza nilipita Paje kwa mama mdogo, mkulima wa mwani. Ilikuwa bamvua, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka pwani, nguo zimerowa mpaka kiunoni, amekaa anafungua mafundo ya kamba. Nikamsomea kazi yangu kwa majigambo kidogo. Nilipofika kwenye ule ufukwe akanikatiza bila ya kuinua kichwa: "Haujaguswa na nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nimekuja kulipata katika kitabu cha Jamaica Kincaid, A Small Place, kilichotoka mwaka 1988. Ni kitabu chembamba mno. Ukikianza kwenye daladala mjini, na foleni ikiwepo, unafika Paje umekimaliza. Ila si chepesi.

Kincaid alizaliwa mwaka 1949 Antigua, kisiwa cha Karibi kilichotawaliwa na Waingereza mpaka 1981. Sehemu ya kwanza ya kitabu inamshika mtalii mkono tangu uwanja wa ndege, inampandisha teksi, inampitisha barabara mbovu, inampeleka chumbani, baharini, mezani. Mimi niliyeandika kijitabu nikautambua mpangilio huo mara moja. Ndio wetu ule ule! Kuwasili, gari, chumba, bahari, chakula. Tofauti ni kwamba Kincaid kila kituo anakifunua upande wa pili. Jua lisilokatika analolifurahia mgeni ndilo ukame wa mwenyeji. Yale maji anayoogelea huenda ndiko kulikoishia alichokiacha chooni. Chakula anachokisifu kuwa kibichi kimeteremka kwenye ndege. Yaani amekiazima kiunzi cha tangazo la utalii, akakijaza ukweli. Uhodari wa kitabu hiki, kwangu, uko hapo zaidi kuliko kwenye hasira ambayo kila mtu huitaja.

Kisha kuna "wewe". Kincaid anamwambia mtalii "wewe" moja kwa moja, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa Kiingereza neno hilo halina umri wala cheo, analitumia kila mtu kwa kila mtu. Nilipojaribu kutafsiri kurasa chache kwa Kiswahili, nikakwama. Kwetu mtu mzima usiyemjua humwambii "wewe" hivi hivi. Hilo ni neno la kumkemea mtoto aliyepanda mwembe wa watu. Nikafikiria kutumia "mgeni". Likanikatalia pia, kwa sababu mgeni ana haki zake na ana zamu yake: siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali ile inamheshimu mgeni kwa kuwa inategemea kwamba akizidi kukaa atakuwa mwenzetu, atalima na sisi. Mtalii wa hoteli za aina ile anakaa siku kumi na jembe halioni. Amelipa ili siku ya tatu isifike. Tumemkopesha neno "mgeni" bila ya methali yake. Basi nikarudi kwenye "wewe", na ukali wake wote. Nadhani Kincaid angekubali.

Sehemu iliyoniuma zaidi haihusu ufukwe hata kidogo. Inahusu maktaba. Tetemeko la mwaka 1974 liliiharibu maktaba ya mji wao, ile iliyomlea Kincaid kwa vitabu, na zaidi ya miaka kumi baadaye anaikuta bado inangoja kukarabatiwa. Hapo nilifunga kitabu kidogo. Nililikumbuka Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Ndani mlikuwa na makumbusho yetu. Siku zile wengi tulilia kwamba Mji Mkongwe umepoteza sura yake. Sura ya kuonwa na nani? Mimi mwenyewe nililia hivyo hivyo, kama mtu aliyepoteza picha ya kuuzia. Kincaid anailia maktaba kwa sababu nyingine: kuna mtoto leo asiyekuwa na pa kwenda kusoma.

Lakini kitabu kina upungufu, na siwezi kuunyamazia. Kincaid alikwishaondoka kisiwani tangu ujana wake; naye pia anarudi kwa ndege. Anawakemea watalii, anaikemea serikali, anawakemea hata Waantigua wenzake. Anakitaja kwa uchungu chuo kinachowafunza vijana kazi za hoteli, anakiona ni shule ya utumwa iliyobadilisha jina. Sawa. Ila kijana mwenyewe haongei. Mwana wa mama mdogo, ndugu yangu, ni mpishi katika hoteli. Ana kiburi na kazi yake, ana malalamiko na mshahara wake, na mchuzi wake wa pweza si mchezo. Nilimtafuta katika kurasa zile, sikumpata. Kwa hilo namrudia Adam Shafi na Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya mwaka 1978: pale anasa tunaiona kwa macho ya Kijakazi, mtumishi wa kasri, aliyempenda bwana wake kuliko alivyojipenda. Shafi anatuonesha kwamba utumishi unaweza kuingia moyoni, jambo ambalo Kincaid, kwa haraka ya ghadhabu yake, analipita. Vitabu hivi viwili visomwe pamoja.

Kijitabu changu? Niliomba ile sentensi ibadilishwe. Nilipendekeza waandike kwamba bamvua likifika, wanawake wa kijiji hushuka pwani kulima mwani. Wakasema vigingi vinaharibu picha. Kikachapwa kama kilivyokuwa, na pesa nimekwishazila. Nakala moja nilimpelekea mama mdogo. Aliitazama picha ya jalada muda mrefu, akaweka kidole kwenye maji, pembeni kidogo ya mnazi, akasema: "Shamba langu liko hapa."

Hapakuwa na kitu pale. Walikuwa wamelifuta.