Kilo Nne za Shaba

Anayewaza kununua mashine ya espreso ya bei kubwa kwa ajili ya nyumbani aanze kwa kuitazama mbele, pale chujio la kahawa linapofungwa. Kwenye nyingi za daraja hilo atakuta kichwa kinene cha shaba kilichopakwa kromu, chenye mkono mdogo ubavuni. Hicho ndicho E61. Kina uzito wa takribani kilo nne, na umbo lake halijabadilika sana tangu kampuni ya Faema ya Milano ilipokitoa mwaka 1961; jina lake linatokana na kupatwa kwa jua ambako watu wa Italia walikushuhudia mwaka huo. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watengenezaji kadhaa bado wanakifunga kwenye mashine zao mpya. Kabla ya kuuliza bei, inafaa kuelewa kwa nini.

Luigi Bezzera wa Milano aliomba hataza ya mashine yake ya kahawa mwaka 1901. Ilisukuma maji kwa mvuke, kahawa ikatoka haraka, lakini presha ilikuwa ndogo na joto likazidi, kwa hiyo kikombe kilikuwa kichungu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Achille Gaggia akaleta springi inayovutwa kwa mkono. Presha ikapanda hadi karibu mara 9 ya ile ya hewa inayotuzunguka, na juu ya kahawa likatokea povu zito la rangi ya dhahabu ambalo wanywaji hawakuwa wamelizoea. Hata hivyo springi huchoka kadiri inavyojiachia, na presha hushuka pamoja nayo. Ernesto Valente wa Faema akaweka pampu ya umeme, na presha ikatulia tangu tone la kwanza hadi la mwisho.

Likabaki suala la joto, na hapo ndipo ufundi wa E61 unaponivutia kuliko kitu kingine chochote ndani ya mashine hii. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Yanapanda yenyewe kwa bomba la juu, yanapita ndani ya kichwa, yanakiachia joto lake, yanapoa kidogo na kuwa mazito, kisha yanateremka kwa bomba la chini kwenda kupashwa tena. Mzunguko huo hauhitaji pampu wala kompyuta. Unaendelea kimyakimya muda wote mashine inapowaka, na shaba ile nene inalishika joto kiasi kwamba maji yanayoigusa kahawa hayashtuki. Muuza kahawa wa Unguja au Lamu anayeweka makaa chini ya dele lake anaujua umuhimu wa jambo hilo: kahawa inataka joto lisiloyumba.

Ukiinua ule mkono, valvu inafunguka na maji yanashuka. Hayaipigi kahawa kwa nguvu zote mara moja. Kwanza yanajaza chumba kidogo chenye springi, na kwa sekunde chache unga unaloa na kuvimba taratibu. Ndipo presha kamili inapofika. Kahawa inaanza kutoka kwa matone meusi, matone yanaungana kuwa uzi mwembamba wa rangi ya asali, na rangi hiyo inazidi kupauka hadi unapoamua kukata. Ukiushusha mkono, presha iliyobaki inatokea chini kwa mlio mfupi, na chujio linafunguka bila kukurukia.

Kazi iliyosalia ni ya mtu. Wengi huanza na gramu 18 za unga, wakitaka gramu 36 za kahawa ndani ya sekunde 25 hadi 30. Unga ukiwa mnene mno, maji yanapita mbio na kikombe kinakuwa chachu. Ukiwa laini mno, yanakwama na uchungu unatawala. Ukiushindilia upande mmoja, maji yanatafuta upenyo upande wa pili. Thamani ya mashine nzuri inaonekana hapo: joto na presha vikiwa vimetulia, kosa lina mahali pachache pa kujificha. Unabadilisha usagaji kidogo, unaonja, na unajua kilichobadilika ni nini. Arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo inadai joto la juu zaidi kuliko iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi. Robusta ya Kagera inatoa povu zito zaidi. Mashine inayoyumba haikuonyeshi tofauti hizo kwa uhakika, na bila kuziona mkono haujifunzi.

Je, ununue? Zipo za zaidi ya dola 5,000, na hata za nusu ya bei hiyo ni fedha nyingi. Nashauri fedha ya kwanza iende kwenye kinu kizuri cha kusagia, maana hakuna mashine inayoweza kuokoa unga usiolingana. Ya pili iende kwenye kahawa iliyokaangwa karibuni. Ya tatu iende kwenye maji: maji magumu, kama ya visima vingi vya pwani, huacha chokaa inayoziba mabomba. Kumbuka pia kwamba kilo nne za shaba zinahitaji karibu nusu saa kupata moto sawasawa. Anayetaka kikombe cha harakaharaka kabla ya daladala atahudumiwa vizuri na vyombo vya bei ndogo, na kahawa yake inaweza kuwa tamu sana.

Lakini anayefurahia kurudia kazi ileile kila asubuhi, akitafuta kuifanya vizuri kuliko jana, anunue bila kusita. Kichwa hiki hufunguliwa kwa spana, mipira yake hubadilishwa kwa gharama ndogo, na kikisafishwa na kupakwa grisi kwa wakati hudumu miaka mingi. Muda huo unatosha mkono kuwa wa fundi.