Kibra: Ushahidi wa Majina

Fasihi inayosawiri Kibera mara nyingi huhakikiwa kana kwamba umaskini wa mahali hapo ni jambo la kimaumbile. Majina yenyewe yapinga hayo. Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na Laikipia. Wanubi nao, askari wa dola ile ile, walikalishwa Kibra pasipo hati ya kumiliki ardhi. Jamii yao ilikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Uhakiki unaohesabu mabanda bila kuyahoji majina hayo humgeuza aliyedhulumiwa kuwa mvamizi.