Ligeuze Kwanza: Namna ya Kulipima Pambo la Makombe

Ukiingia duka la vitu vya ukumbusho Mji Mkongwe, Malindi au Bagamoyo, pambo la makombe utaonyeshwa kwa mbele: fremu ya kioo iliyozungushiwa kauri, taa ya mezani, pazia la mlangoni linalolia upepo ukipita. Lipokee kwa mikono miwili, kisha ligeuze. Upande wa mbele umetengenezwa ili upendwe. Wa nyuma ndio unaokuonyesha makombe yalitobolewa kwa chombo gani, yalishikizwa kwa nini, na kama fremu itafika mwaka wa pili bila kumwaga kauri zake sakafuni.

Kabla ya kazi ya fundi, lakini, liangalie kombe lenyewe, na hasa mng'aro wake, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Kauri akiwa hai, ngozi yake laini hutoka nje na kulifunika ganda pande zote, ikiliongezea tabaka na kulikinga na mchanga. Akifa, ulinzi huo umekwisha. Mawimbi hulisugua ganda mpaka uso wake unafifia. Kwa hiyo kululu, ile kauri kubwa yenye madoa meusi, ikiwa inang'aa kama kikombe kipya cha udongo wa China, kwa kawaida haikuokotwa ufukweni. Ilitolewa mwambani ikiwa hai, nyama yake ikachemshwa au ikafukiwa mchangani ioze.

Kauri ya kuokotwa ina alama zake: ukungu kidogo mgongoni, mikwaruzo midogo, meno ya mdomoni yaliyolika. Zile ndogo zenye pete ya njano, pete ikishafutika, mgongo hubaki na rangi ya zambarau iliyopauka. Mimi naipenda rangi hiyo kuliko pete yenyewe. Fundi anayejua kuzipanga kauri za namna hiyo, kutoka iliyokolea hadi iliyofifia, humpita mbali yule aliyebandika mia moja mpya zinazofanana. Na usikubali kutozwa bei ya kitu adimu kwa kauri za pete. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia kwa shehena kutoka Zanzibar kwenda Afrika Magharibi, zikatumike kama fedha, na wingi wake ukaishusha thamani ya fedha hiyo huko. Unachonunua hapa ni mkono wa fundi.

Makombe makubwa yana hesabu nyingine. Tritoni, lile refu linalotobolewa na kupulizwa kama baragumu, ni miongoni mwa viumbe wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, adui mkubwa wa matumbawe. Kila tritoni anayegeuzwa pambo la sebuleni ni mlinzi mmoja aliyeondolewa mwambani. Chaza wakubwa, nautilasi na matumbawe magumu wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES (nautilasi aliingizwa mwaka 2017), kwa hiyo kuyavusha mapambo yao mpakani bila kibali ni kujitafutia kesi. Na kama unaokota mwenyewe, hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, haziruhusu kuokota hata kombe tupu. Kwingineko, baada ya maji ya bamvua, chungulia ndani kwanza: mara nyingi kuna kaa mdogo aliyehamia humo, na hana nyumba nyingine.

Asili safi kuliko zote ni makombe ya jikoni. Katika rasi ya Fumba, Unguja, vijijini kama Bweleo, wako akina mama waliojifunza kukata na kung'arisha maganda ya chaza, wakatengeneza hereni, vidani na vipambo. Nyama imeliwa, ganda ambalo lingetupwa limepata kazi. Kipande cha aina hii kipime hivi: kishike karibu na dirisha, kiinamishe polepole. Rangi, kijani ikiingia waridi na fedha, inatakiwa kutembea juu ya uso wote bila kukatika. Ukiona mistari myeupe inayosimama mahali pamoja wakati rangi inahama, hiyo ni michirizo ya msumeno. Fundi aliruka hatua za msasa, akatoka kwenye msasa mkali moja kwa moja kwenye vanishi. Pitisha kidole kwenye ukingo. Kazi nzuri ina ukingo laini kama uso, kwa sababu ilisuguliwa ndani ya maji, msasa baada ya msasa. Maji hayo pia yanamkinga fundi, kwani vumbi la maganda huumiza mapafu. Karakana ambayo kila kitu kimejaa unga mweupe hunitia wasiwasi.

Sasa matundu. Tundu la keekee ni la duara, kingo safi, na limewekwa mbali kidogo na ukingo wa kombe. Tundu la msumari lina mpasuko kama unywele unaotoka upande mmoja, na siku moja kombe litapasuka hapo hapo. Wakati mwingine utakuta tundu dogo zuri, pana juu na jembamba ndani. Hilo limechimbwa na konokono mwindaji baharini, na fundi mwenye jicho hulitumia kama lilivyo. Katika mapazia, angalia uzi: mshipi wa nailoni hudumu, uzi wa pamba huoza kwa chumvi. Angalia pia kama kila kombe lina fundo lake. Pasipo mafundo, uzi ukikatika mara moja, mkufu wote unashuka. Pazia la vibamba vyembamba vinavyopitisha mwanga, hata likiitwa la Zanzibar, mara nyingi ni kazi ya Ufilipino. Si baya, ila lipewe jina lake.

Gundi ni mtihani mkubwa zaidi. Ile ya kuyeyushwa kwa bunduki huacha nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kwenye joto la dirisha linalopigwa na jua hulegea. Ya kuchanganya sehemu mbili hushika vizuri zaidi. Silikoni inayonuka siki ikwepe: kombe ni chokaa, na tindikali huila chokaa. Hata mvuke wa tindikali unaotoka kwenye baadhi ya mbao, ndani ya kabati lililofungwa, huyafunika makombe unga mweupe. Tatizo hilo lilielezwa na Mwingereza Byne mwaka 1899, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kwa sababu hiyo hiyo usiyaoshe kwa ndimu wala siki. Jiki nayo ikizidi huyaacha yamepauka. Maji, mswaki na tone la mafuta vinatosha.

Kuhusu rangi, futa kombe kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: rangi ikibaki kitambaani, ni ya kupakwa.

Kisha tazama mpangilio. Makombe ya konokono karibu yote hujipinda kulia, kwa hiyo ni nadra sana kupata mawili ya aina moja yanayotazamana kama sura na kivuli chake kiooni. Fundi asiyelijua hilo huyalazimisha, na fremu yake huonekana inaelemea upande, ingawa mnunuzi hawezi kusema kwa nini. Fundi mzuri huyapanga yafuatane kama mwendo wa mduara. Akitaka pande mbili zinazolingana, hutumia chaza na jamii yake, wenye ganda la kushoto na la kulia.

Muulize muuzaji swali moja tu: nyama ya kombe hili ilikwenda wapi? Anayeokota ufukweni atakwambia alilikuta tupu, na mpishi wa chaza atakwambia ililiwa. Ukionyeshwa tritoni anayemeremeta, mrudishe mezani hata bei ikishuka mara tatu, na fedha hiyo mpe fundi wa chaza.