"Chemirocha": Majonzi ya Nani?

Katika nyimbo alizozinasa Hugh Tracey nchini kwa Wakipsigis mwaka 1950, hapana uliosafiri mbali kuliko ule wa wasichana wa Kapkatet uitwao "Chemirocha". Fanani anayetajwa ni Chemutoi Ketienya. Wenzake wamewekwa pamoja chini ya jina la "wasichana wa Kipsigis", basi. Wasikilizaji wa ng'ambo wameupenda wimbo huu kwa kuwa wanausikia kuwa wa majonzi, kana kwamba vigori hao wanauaga ujana wao. Hukumu hiyo haina budi kupimwa.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake iliwafikia Wakipsigis kwa njia ya santuri. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimfikiria kuwa nusu mtu nusu paa, wakamwalika acheze kwa nguvu hata nguo zimvuke. Huu ni utani, tena utani wa wasichana walio peke yao, pasipo mzee wa kuwakemea. Asiyejua Kikipsigis husikia sauti nyembamba juu ya nyuzi za chepkong, akachukua lahani kuwa ndiyo maana.

Jina lenyewe latoa ushahidi. Kwa kuwa lugha za Kikalenjin hazipambanui fonimu za ghuna na zisizo ghuna, "j" ya Kiingereza iligeuka "ch" bila taabu. Zaidi ya hayo, mwanzo wa Che- ni wa kawaida katika majina ya kwao, kama Chebet na Cheruiyot. Mgeni alipewa jina la nyumbani kabla hajapewa miguu ya paa. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wakililia kitu, walikuwa wakikitwaa.

Yafaa kuulinganisha na "Waga Yoki Tomo yo", wimbo wa Kijapani wa mwaka 1975 ulioandikwa na Yoshida Takuro na kuimbwa na Kamayatsu Hiroshi. Humo mtu mzima anamkumbuka rafiki wa siku za masomo, aliyetembea na viatu vya mti. Urafiki umekwisha kuwa habari ya kusimuliwa, na majonzi ni dhamira ya mtunzi mwenyewe. Katika "Chemirocha" urafiki hausimuliwi hata kidogo. Umo katika fani: sauti moja hailiachi kundi, na mzaha hauwezi kusimama bila wa kuucheka.

Majonzi yapo, lakini yalikuja baadaye, na wenye haki nayo ni wachache. Katika miaka ya 2010 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey ilizirudisha sauti hizi katika sehemu za Kericho na Bomet, na wazee wakazisikia tena. Mzee anayeitambua sauti ya rika lake anakumbuka kitu chake. Mhakiki wa London anakumbuka nini?

Kazi iliyo wazi ni ya wanaisimu. Chuo Kikuu cha Egerton kipo Njoro, karibu na Nakuru, na si mbali na Kapkatet. Wanafunzi waliolelewa kwa Kikipsigis si haba katika Bonde la Ufa. Maneno ya wimbo yaandikwe kwa ukamilifu, toni zikiwamo, na waitikiaji watafutwe majina. Aliyekuwa kigori mwaka 1950 amekwisha pita miaka themanini.