Kosa la Karani au Ushahidi wa Matamshi? Uhakiki wa Usomaji wa Majina ya Mahali katika Daftari za Sensa

Watafutaji wa nasaba, wakutanapo na jina la mahali lisilosomeka vyema katika daftari kuukuu la sensa, huwa na mazoea mawili. Baadhi yao hufungua ramani ya leo na kutafuta jina linalofanana nalo. Wengine hulisahihisha papo hapo, wakalinakili kwa tahajia ya kisasa. Makala hii inadai kwamba mazoea yote mawili yana kasoro moja: huliona andiko la karani kuwa ni kosa tu, na hali andiko hilo ni ushahidi wa matamshi. Kulifumbua ni kazi ya mwanaisimu kabla ya kuwa kazi ya mwanahistoria.

Tuanze na Uingereza, ambako daftari hizo zimehifadhiwa kwa wingi. Sensa ya mwaka 1841 iliuliza iwapo mtu alizaliwa katika kaunti aliyokutwa. Ile ya 1851 ndiyo iliyotaka jina la mji au parokia. Wasiojua kuandika walitamka, na karani akaandika alivyosikia. Kisha majibu ya kila nyumba yalinakiliwa katika daftari. Asomaye leo, basi, anasoma nakala, ambamo huenda kosa la sikio limefuatwa na kosa la mkono. Chukua mji wa Wymondham katika Norfolk. Wenyeji hulitamka jina hilo kama "Windam". Mtafutaji akikuta Windham daftarini, akalitafuta ramanini jinsi lilivyo, huenda akapotea. Ajuaye matamshi ya wenyeji atafika mapema. Hapo karani alisikia sawasawa, na maandishi rasmi ndiyo yaliyo mbali na ulimi.

Kwetu Kenya tatizo ni zito zaidi, kwa kuwa mara nyingi sikio la mwandishi na ulimi wa msemaji vilikuwa vya lugha mbili tofauti. Sensa kamili ya Waafrika ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, lakini majina mengi yalikuwa yamekwisha kutiwa katika maandishi ya serikali kwa sikio la mgeni. Jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba, liligeuka Machakos: s ya kati ikawa ch, na mwishoni ikaongezwa s ambayo Kikamba hakiikubali, kwani silabi zake huishia kwa irabu.

Hatari kubwa imo katika alama ndogo. Ng'ombeni iko Kwale, kusini ya Mombasa. Ngomeni iko kaskazini ya Malindi. Tuseme karani ameiacha alama ya ng', na wino wa b umefifia. Majina mawili yamekuwa moja. Jamaa ya Kidigo itapelekwa kaskazini ya Malindi, ipewe mababu wasio wake na makaburi yasiyo yake. Na pale ambapo haki ya ardhi hutetewa kwa historia ya ukoo, kosa hilo haliishii kwenye karatasi.

Hatusemi kwamba ramani haina kazi. Fonolojia hutoa mambo yawezekanayo, haitoi hukumu. Hakuna kanuni ya sauti itakayotutoa Fort Hall hadi Murang'a, wala Thomson's Falls hadi Nyahururu. Hapo hapana budi kurejea ramani na kumbukumbu za wakati ule. Tunachopinga ni kuitanguliza ramani.

Yafaa, basi, kufuata utaratibu huu. Kwanza, jina linakiliwe herufi kwa herufi, na pale pasiposomeka paachwe wazi. Pili, mwandiko wa karani yuleyule ulinganishwe katika kurasa nyingine, tujue n yake na u yake. Tatu, zitafutwe sauti ambazo sikio lake lingeweza kuziandika hivyo. Nne, ndipo ramani ifunguliwe, pamoja na majina ya majirani katika ukurasa huo. Sahihisho liwekwe kando ya andiko, lisichukue mahali pake. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi, ambapo wengi hutafuta kwa faharasa za kompyuta: tahajia iliyosahihishwa vibaya mara moja huwapoteza wote wajao baadaye.

Wajuzi wa Kidigo, Kikamba na lugha nyinginezo wamo katika idara zetu. Kazi hii isiachiwe wasomaji wasiozijua lugha hizo.