Kikombe cha Fedha: Maoni juu ya Sinema «The Witch»

Sinema siku hizi haingojewi tena ukumbini; yaingia nyumbani ndani ya simu, na mara nyingi mtoto huiona kabla ya baba yake. Kwa hiyo haifai kusema tu kwamba sinema fulani ni nzuri au ni mbaya. Yafaa tuitazame vema na kuuliza: yatufundisha nini? Leo twataka kusema juu ya sinema moja ya kutisha, jina lake «The Witch», maana yake Mlozi. Aliyeitengeneza ni Mmarekani Robert Eggers. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2015 katika tamasha la sinema la Sundance, huko Marekani, naye akapewa tuzo ya uongozaji.

Habari yenyewe ni ya miaka ya 1630, katika New England. Baba mmoja, William, wa kundi la Waprotestanti walioitwa Wapuritani, amevuka bahari kutoka Uingereza pamoja na mke na watoto. Ajiona mwenye imani safi kuliko wenzake wote, agombana na wakubwa wake, na kijiji chamfukuza. Basi ajenga nyumba peke yake kando ya msitu mkubwa. Siku moja binti yake wa kwanza, Thomasin, acheza na mtoto mchanga: ajifunika macho, ajifunua, mtoto hayupo. Tangu hapo mahindi yaoza, mitego haishiki kitu, njaa yaingia, na watu wa nyumba moja waanza kutazamana kwa jicho baya.

Sinema hii haikutengenezwa kwa fedha nyingi: dola milioni 4 hivi, ambazo kwa sinema za Wamarekani ni kidogo. Ina nyumba moja, watu wachache na mbuzi, na karibu mwanga wake wote ni wa jua na wa mishumaa. Wala haina haraka. Mtu aliyezoea kelele na damu tangu mwanzo atachoka. Lakini sisi twausifu mwendo huo. Sisi wa Mangobo, wenye ndugu wanaolima na kutega msituni, twajua kwamba msitu hautishi kwa kelele, watisha unaponyamaza. Tena mwendo wa polepole watupa nafasi ya kuona jinsi hofu inavyoingia nyumbani.

Yaingia kwa njia ya kikombe. William ameuza kwa siri kikombe cha fedha cha mkewe, apate kununua mitego. Mama akitafuta asikione, amlaumu Thomasin. Baba asikia yote, naye anyamaza. Hapo hapana pepo wala mlozi. Pana mtu mzima anayeogopa aibu, basi. Kwetu sisi, hapo ndipo penye kutisha kuliko pote. Baba huyu ashika amri ya nne kama fimbo, akidai heshima ya watoto, lakini amri ya nane imemponyoka. Hata anapokiri, amechelewa. Mama amekwisha kuzoea kumwona binti yake kuwa mwenye kosa. Na neno la mzaha ambalo Thomasin alimtishia mdogo wake, kwamba yeye ndiye mlozi wa msituni, lageuka kuwa ushahidi.

Labda msomaji atajibu: «Lakini katika sinema hiyo mlozi yupo kweli!» Ndiyo, yupo, nasi twaonyeshwa mapema. Wala sisi Wakristo hatusemi kwamba Shetani hayupo. Lakini angalieni: mlozi yuko msituni, na anayeshtakiwa yuko nyumbani akifanya kazi. Kumshtaki hakukumrudisha mtoto hata mmoja. Kulimpa adui nafasi tu. Mwishoni, nyumba ikiwa tupu, Thomasin aenda kwa Shetani kweli. Hakuwa mlozi alipoitwa mlozi. Aliitwa hivyo mpaka akawa.

Hapo ndipo twamlaumu mtengenezaji. Amefunga milango yote: hakuna jirani, hakuna padri, hakuna kitubio. Halafu atuonyesha msichana akicheka na kupaa kati ya miti, kana kwamba huo ni uhuru. Sivyo, ametoka kwa bwana mkali, ameingia kwa bwana mkali zaidi. Mungu wa sinema hii ni hakimu tu. Yule Baba aliyemkimbilia mwana mpotevu hayumo. Tena ina uchi na mauaji, kwa hiyo si ya watoto.

Hata hivyo wazazi waitazame, kwa maana habari hii haiko mbali nasi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto yamwadhibu afanyaye hivyo. Sheria haziandikwi kwa jambo lisilokuwapo. Ugonjwa ukiingia, kazi ikipotea, msiba ukifuata msiba, kidole chaenda kwa nani? Kwa yatima, kwa mtoto wa kambo, kwa yule asiye na wa kumsemea. Basi, kabla ya kutafuta mtu wa kumtoa mtoto pepo, baba wa nyumba na aulize kwanza: kikombe kimekwenda wapi, na ni nani aliyekiuza?